Jembe na Nyumba: Jinsi Wazee Wetu Walivyowapima Wagombea

Mtu aendaye mnadani kununua mbuzi hatoi fedha yake kwa kuona rangi ya ngozi tu. Humfungua mbuzi kinywa akatazama meno, humpapasa mgongoni, humtembeza huku na huku aone kama hachechemei, tena humwuliza mwenye mali: "Mbona wamwuza?" Asiyefanya hivyo wazee humcheka, husema ameuziwa mbuzi katika gunia.

Walakini katika mambo ya kura twaona ajabu. Mtu yule yule aliyempapasa mbuzi kwa mikono miwili hutia karatasi sandukuni na kumpa mwenziwe mamlaka ya miaka mitano, hali hajapata kumwuliza hata neno moja. Baada ya uchaguzi mmoja tulimwuliza jirani yetu, mama mwenye akili na mkulima hodari, sababu ya kumchagua yule aliyemchagua. Akatujibu bila kuficha: "Mwalimu, yule ndiye aliyetuletea kanga. Wengine sikuwaona."

Hatukuweza kumcheka. Ni kweli wengine hakuwaona, wala sisi tunaosoma magazeti hatukuwa tumewaona zaidi yake, ila katika picha zilizobandikwa ukutani. Basi swali likatukaa moyoni: mpiga kura wa kijijini atamjuaje mtu anayeomba kura yake? Tulipotafuta katika historia ya nchi yetu tuliona ya kuwa swali hili si geni. Wazee wetu walikutana nalo, na mwaka 1965 walilijibu kwa njia yao wenyewe, njia iliyokuwa na mema mengi na upungufu wake pia. Habari hiyo ndiyo twataka kuisimulia, kwa maana wengi wetu tuliozaliwa baadaye hatukupata kufundishwa.

Tuanzie mbali kidogo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, zamani za Gavana Sir Donald Cameron. Kwa muda wa miaka karibu 20 hapakuwamo Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 wakaingizwa wawili wa kwanza, Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma. Wote wawili walikuwa watu wa heshima, lakini aliyewaweka humo ni Gavana. Mkulima wa Newala au wa Ulanga hakuulizwa kama awajua au hawajui. Zamani hizo hapakuwa na haja ya kumjua mgombea, kwa kuwa hapakuwa na mgombea.

Kura ya kwanza ya kuingiza watu katika Baraza hilo ilipigwa kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wazee huiita kura tatu. Haikuwa kura ya watu wote. Mwenye kutaka kuandikishwa ilimpasa awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au awe amesoma hata darasa la 8, au awe na kazi ya cheo kilichotajwa na sheria. Katika nchi yenye watu karibu milioni 9, waliojiandikisha hawakufika 60,000. Tena kila mmoja alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa pamoja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, karatasi yake imeharibika.

Chama cha TANU kilikutana Tabora Januari 1958 kushauriana kama kiingie katika uchaguzi huo wenye masharti mazito au kiukatae. Mabishano yalikuwa makali. Mwalimu Julius Nyerere akawashawishi wenzake waingie, na neno hilo hata leo huitwa Uamuzi wa Busara. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Basi TANU ikawasimamisha wagombea wake Waafrika, tena ikawaambia watu ni Mwasia gani na Mzungu gani wa kuungwa mkono. Nao waliotajwa wakashinda.

Sasa, ndugu, tuitazame habari hii kwa jicho la swali letu. Mpiga kura wa mwaka ule alimjuaje yule Mzungu aliyempa kura? Wengi hawakumjua. Walilijua neno la chama, nalo likawatosha. Hatuwalaumu hata kidogo. Shauri lililokuwa mbele yao ni uhuru, na chama kilichodai uhuru kilistahili kuaminiwa. Tena njia nyingine za kujua zilizibwa. Mikutano ilihitaji kibali cha serikali, matawi kadhaa ya TANU yalifungwa, na mwaka 1957 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikatazwa kwa miezi kadhaa kuhutubia hadhara. Mtu atampimaje msemaji aliyezibwa kinywa? Lakini kumchagua mtu kwa kuwa mwingine amekudhamini ni kama kukopesha kwa neno la mdhamini: mdhamini akiwa mwema, umepona, akikosea, huna la kusema, kwa maana hukutazama mwenyewe.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa Agosti 1960. Viti vilikuwa 71, na TANU ikapata 70. Ushindi huo ulishangiliwa nchi nzima, na ulistahili kushangiliwa, maana ndio uliofungua mlango wa uhuru wa Desemba 1961. Lakini ndani yake lilikuwamo jambo ambalo wachache walilitazama wakati ule. Katika viti 58 kati ya hivyo 71 mgombea wa TANU hakupata mpinzani. Akahesabiwa kuwa amechaguliwa bila kura kupigwa. Watu wa sehemu hizo 58 walikuwa na haki ya kura katika sheria, na siku ya uchaguzi hawakuwa na la kufanya. Kiti kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu. Huko chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, na Bwana Herman Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, akajisimamisha mwenyewe bila idhini. Watu wa Mbulu, walipokuwa na wawili mbele yao, wakamchukua yule ambaye chama hakikuwaletea. Tukio hilo dogo lilikuwa na fundisho kubwa: watu wakipewa nafasi ya kulinganisha, huenda wasikubaliane na aliyewachagulia.

Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolitambua jambo hilo. Mwaka 1963 aliandika kijitabu juu ya demokrasi na vyama, akaeleza ya kuwa mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kupita vingine vyote, anayemchagua mbunge hasa ni kamati ya chama inayomteua, na mpiga kura hubakia kuitikia tu. Dawa aliyoitoa ni kwamba nchi iwe na chama kimoja kwa sheria, lakini ndani ya chama hicho watu wapewe wagombea zaidi ya mmoja, wachague wenyewe. Januari 1964 akaweka tume chini ya uongozi wa Bwana Rashidi Kawawa itafute namna ya kulitenda jambo hilo. Tume ikazunguka, ikasikiliza maneno ya watu, ikatoa taarifa yake mwaka 1965, na Katiba ya muda ikapitishwa mwaka huo huo. Kama ilikuwa haki kuvizuia vyama vingine, hilo ni shauri kubwa la kuandikiwa makala yake. Leo twatazama jambo moja tu: mpiga kura alipewa njia gani ya kuwajua watu waliosimama mbele yake.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwenye kutaka ubunge alipeleka jina lake, na mkutano mkuu wa TANU wa wilaya ukawapigia kura waombaji wote. Majina yakapelekwa kwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikateua wawili kwa kila jimbo. Kisha hao wawili wakatoka kwenda kwa watu, na hapa ndipo penye ladha ya habari yetu, maana hawakwenda kila mtu na njia yake. Walizunguka pamoja kijiji kwa kijiji, wakasimama katika jukwaa moja, mbele ya watu wale wale, chini ya macho ya wasimamizi waliowekwa kwa kazi hiyo. Kila mmoja alipewa nafasi ya kusema sawa na mwenziwe. Walipokwisha kusema, watu waliwauliza maswali, na majibu ya wote wawili yalisikiwa saa ile ile na masikio yale yale.

Tena yalikuwako makatazo. Mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake kujinadi, hata tajiri na maskini wakasimama sawa. Hakuruhusiwa kuomba kura kwa ajili ya kabila lake, wala rangi yake, wala dini yake. Hakuruhusiwa kusema ya kuwa Rais anampenda yeye kuliko mwenziwe. Na mikutano yote iliendeshwa kwa Kiswahili, ili mtu asipate kujificha ndani ya lugha ya kwao na kuwaambia ndugu zake maneno ambayo wengine hawataelewa.

Kwa kuwa watu wengi siku zile hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama katika karatasi ya kura. Mmoja alipewa jembe na mwingine nyumba. Vitu hivyo viwili vilichaguliwa kwa kuwa kila mtu anavijua na hakuna anayevichukia. Hata hivyo binadamu ni mwerevu. Haukupita muda alama zenyewe zikatiwa maneno. Wa jembe wakasema jembe ndilo lilishalo watu, asiye na jembe atakula nini? Wa nyumba nao wakajibu, mwenye jembe akirudi shambani jioni atalala wapi? Watu wakacheka, na wengine yamkini wakapiga kura kwa mzaha huo. Twataja jambo hili kwa sababu latuonya: hata utaratibu ukiwa mwema namna gani, maneno matamu hutafuta ufa wa kupenyea. Aliyeifikiri alama akamsahau mtu alirudi nyumbani hajajua kitu.

Kura zikapigwa Septemba 1965. Kati ya majimbo 107 ya Tanzania Bara, 101 yalikuwa na wagombea wawili. Linganisha na zile 13 tu za mwaka 1960, msomaji, uone tofauti. Matokeo yalipotangazwa nchi ilishangaa. Wabunge wengi waliokuwa wakivitetea viti vyao waliangushwa, na pamoja nao mawaziri wawili na mawaziri wadogo kadhaa. Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyesifiwa sana miaka ya 1950 kwa kuwaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika vyama vya ushirika, alishindwa huko huko Mwanza. Bibi Titi Mohamed, aliyewaita maelfu ya wanawake kuingia TANU, naye alishindwa Rufiji. Hao hawakuwa watu wasiojulikana. Jina lao lilijulikana hata kwa watoto. Lakini kujulikana jina ni jambo moja, na kupimwa uso kwa uso mbele ya mwenzako ni jambo lingine.

Upande wa pili nao una fundisho lake. Bwana Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alisimama Morogoro, na Bwana Derek Bryceson, Mzungu, alisimama Dar es Salaam. Kila mmoja alishindana na Mwafrika mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika, na kila mmoja alishinda. Miaka sita au saba kabla ya hapo sheria ililazimisha kura tatu, kwa hofu ya kuwa mtu hatamchagua asiye wa rangi yake. Watu wa Morogoro na Dar es Salaam wakaonyesha ya kuwa hofu ile haikuwa na msingi, mradi mchaguzi amepewa nafasi ya kumsikia mtu na kumlinganisha.

Wazee hao walipima kwa mizani gani? Walioandika habari za uchaguzi ule husema ya kuwa maswali ya watu yalikuwa ya karibu nao: barabara, maji, shule, zahanati, bei ya mazao. Juu ya hayo yote lilikuwako swali moja lililowaangusha wengi waliokuwa wabunge: tangu tulipokutuma, umerudi kutuona mara ngapi? Mbunge aliyekaa mjini miaka mitano alilisikia swali hilo mbele ya mshindani wake, akakosa pa kugeukia. Na huko Mwanza manung'uniko ya wakulima juu ya makato ya vyama vya ushirika yalikuwa makubwa, hata mwaka uliofuata serikali ikaunda kamati ya kuchunguza mambo ya ushirika nchini. Mtu aliyehesabiwa kuwa baba wa ushirika alikutana na wakulima waliotaka kujua fedha yao imekwenda wapi.

Basi twaweza kusema ya kuwa utaratibu wa mwaka 1965 ulimpa mpiga kura vitu vitatu. Kwanza, ulimwonyesha mgombea akiwa na mwenziwe kando, apate kulinganisha. Pili, ulimpa nafasi ya kuuliza na kujibiwa mbele ya watu. Tatu, ulimzuia mgombea asije na kitu mkononi, ili watu wasikilize kwa masikio na wasisikilize kwa tumbo.

Lakini kitu cha nne haukumpa, nasi tungekuwa waongo kama tungekificha. Haukumpa uhuru wa kusikia shauri lililo tofauti kabisa. Wagombea wote wawili walikuwa wa chama kimoja, wamechujwa na Halmashauri moja, na hakuna aliyeweza kusimama akasema, "Njia hii ya serikali ni mbaya, twende njia nyingine." Kwa hiyo mpiga kura aliweza kujua nani ni mvivu na nani ni mchapa kazi, nani asemaye kweli na nani ni mwenye porojo, lakini hakuweza kuchagua kati ya njia mbili. Na kwa kiti kikubwa kuliko vyote, cha urais, jina lilikuwa moja tu, mchaguzi akiulizwa kukubali au kukataa. Walichaguliwa watu, sera ilikuwa imekwisha chaguliwa.

Utaratibu huo uliendelea katika chaguzi za 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990. Mwaka 1991 tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza watu tena, na ingawa walio wengi katika waliohojiwa walitaka chama kimoja kibaki, tume ilishauri vyama vingi virudishwe. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa, na Oktoba 1995 nchi ikapiga kura ya vyama vingi. Kile kitu cha nne kilichokosekana sasa kikapatikana. Mtu aliweza kusimama hadharani na kusema serikali imekosea.

Lakini katika kukipata cha nne tulivilegeza vile vitatu vya kwanza. Lile jukwaa moja lilivunjwa, kila chama kikajenga lake. Leo chama hiki huja na ngoma na nyimbo zake, watu wake wamevaa rangi zake, mgombea husifiwa na wapambe wake, kisha magari huondoka vumbi likitimka. Kesho yake huja chama kingine vivyo hivyo. Aliyesema jana hayupo ajibu, na anayesema leo hana wa kumkanusha. Nafasi ya kuuliza ni ndogo, mara nyingi haipo. Ni kama kusikiliza kesi ambayo mshitaki na mshitakiwa hawakutani, kila mmoja akija kwa hakimu kwa siku yake. Hakimu wa namna hiyo ataamua nini?

Na ule mkono mtupu nao ulipotea. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iligeuzwa, ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa desturi wa mgombea kwa watu anaowaomba kura. Jina lilikuwa zuri, kwani nani kwetu huuchukia ukarimu? Lakini kanga ya mgeni wa kawaida haina deni, na kanga ya mgombea ina deni. Watetezi wa haki wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakata shauri ya kuwa takrima hupingana na Katiba, maana humpa mwenye mali nafasi ambayo maskini hana, na kuipambanua na rushwa ni vigumu. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi kuweka mipaka ya fedha za kampeni. Hivyo sheria ilianza kurudi polepole mahali ambapo wazee walikuwa wamesimama mwaka 1965. Walakini sheria ikiwa Dodoma na kanga ikiwa kijijini, mwenye kuamua ni mkono unaopokea.

Je, jukwaa moja haliwezekani pamoja na vyama vingi? Laweza. Jirani zetu wa Kenya walijaribu tarehe 11 Februari 2013. Wagombea wote wanane wa urais walisimama pamoja katika ukumbi mmoja Nairobi, wakaulizwa maswali, na nchi nzima ikawasikiliza kwa redio na televisheni. Lakini hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu kuja, na udhaifu huo ukaonekana. Mwaka 2017 Bwana Uhuru Kenyatta hakufika kwenye mdahalo, Bwana Raila Odinga akaulizwa peke yake. Mwaka 2022 Bwana Raila Odinga naye hakufika, akaulizwa Bwana William Ruto peke yake. Hata hivyo twaona ya kuwa mahali palipoachwa wazi nalo ni jibu. Mwenye kuogopa kuulizwa mbele ya mwenzake amekwisha kuwaambia watu jambo moja juu yake mwenyewe.

Sasa, ndugu zetu wa vijijini, sisi hatuna ukumbi wala televisheni ya kuwakusanya wagombea. Tusingoje mpaka wakubwa watujengee jukwaa moja. Twaweza kulijenga wenyewe kwa daftari la shule la kurasa 40. Watu wachache wa kijiji wanaoaminiwa, wa vyama mbalimbali na wa dini mbalimbali, wakae pamoja kabla ya kampeni, waandike maswali machache, yasizidi matano. Kila mgombea afikapo aulizwe maswali hayo hayo kwa maneno hayo hayo, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema, bila kuongeza wala kupunguza. Asiyetaka kujibu, iandikwe ya kuwa hakujibu. Kisha siku chache kabla ya kura daftari lisomwe kwa sauti mbele ya watu, jibu la huyu likifuatwa na jibu la yule. Hapo watakuwa wamesimama pamoja, wapende wasipende.

Maswali yawe ya namna gani? Wazee wa 1965 wametufundisha. Umefanya kazi gani kabla ya leo, na nani aliyefanya nawe ambaye twaweza kumwuliza? Kama ulikuwa mbunge au diwani, ulirudi kwetu mara ngapi, na ulisema nini kwa ajili yetu? Katika haja zetu, ni ipi utakayoishika kwanza, na fedha yake itatoka wapi? Ni jambo gani katika sera ya chama chako wewe mwenyewe huliafiki? Swali hili la mwisho wazee hawakuweza kuliuliza. Sisi twaweza.

Majibu mengine yaweza kuthibitishwa. Kila neno lisemwalo Bungeni huandikwa katika Taarifa Rasmi, na Bunge lenyewe huziweka taarifa hizo katika mtandao ili watu wazisome. Katika vijiji vingi wako vijana wenye simu ziwezazo kuzifungua. Mbunge akisema, "Niliwapigania juu ya maji," kijana na atafute siku ile, asome kwa sauti. Hii ni kazi yetu sisi tuliojaliwa kusoma. Elimu tuliyopewa tusiifanye pambo la nyumbani.

Tena tujihadhari na mtego ambao katazo la mwaka 1965 lilitaka kuuzuia. Mgombea atakuja kanisani kwetu, ataketi kiti cha mbele, ataimba nasi, atatoa mchango wa bati la paa. Tumpokee kwa adabu kama mgeni mwingine yeyote. Lakini kusali nasi hakumwongezei jibu hata moja katika daftari. Mtu wa Morogoro wa mwaka 1965 alimchagua Bwana Jamal, asiyefanana naye kwa rangi, kwa sababu alimsikia akampima. Tusiwe nyuma ya babu zetu.

Tulimwendea tena yule mama jirani yetu, tukamsomea habari hii kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hilo daftari, baada ya kura litawekwa wapi?" Hatukuwa tumelifikiri swali hilo. Akasema, "Liwekeni vizuri, lisiliwe na panya. Akirudi baada ya miaka mitano, tutamfungulia."